Kilichotupwa na Kilichookotwa: Habari za Arua na Koboko

Wahenga walisema: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mwalimu yeyote wa Kiswahili ameifafanua methali hii mbele ya wanafunzi wake, akaeleza kwamba azungukaye ufukweni maji yakiisha kupwa hakosi kitoweo. Methali hiyo ilizaliwa pwani, lakini maana yake imeenea hadi mahali pasipo na bahari wala chaza. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi watu wa Arua na Koboko, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda iitwayo West Nile, walivyoishi kwa kuokota na kufufua vitu vilivyoachwa na wengine. Tunakusudia pia kuuliza swali ambalo historia ya nchi hiyo hailikwepi: je, kila kilichoachwa kimetupwa?

Kwanza tuieleze nchi yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 eneo hilo lilikuwa sehemu ya Lado, nchi iliyoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa muda wa uhai wake tu. Alipofariki mwaka 1909 Lado haikuwa tena na mwenyewe, na wawindaji wa pembe za ndovu wakaivamia kama kunguru waliokuta mzoga. Mwaka 1910 iliingizwa katika Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda. Mwaka huohuo mji wa Arua ulianzishwa kuwa makao ya wilaya. Kwa hiyo mzee mmoja wa Kilugbara au wa Kikakwa aliweza kuona serikali tatu bila kuhama kijijini kwake. Koboko nayo iko karibu na mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan ya Kusini hukutana, na Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu. Mahali pa namna hiyo, kitu kisichofaa upande huu wa mpaka huwa bidhaa upande wa pili.

Walakini, habari za kuokoa kilichotupwa zilianza kabla ya mipaka hiyo. Mwaka 1878 Emin Pasha, Mjerumani ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, alifanywa gavana wa jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri. Majeshi ya Mahdi yalipoiteka Khartoum mwezi Januari 1885, jimbo hilo lilikatwa na dunia. Emin alihamia Wadelai, kwenye ukingo wa magharibi wa Mto Nile. Baadaye akapokea barua kutoka Cairo kumwarifu kwamba Misri imeliacha jimbo, naye ajitafutie njia ya kutoka. Hapa hakikutupwa chombo wala nguo. Walitupwa watu, yaani askari wa Kisudani, makarani, wake zao na watoto wao.

Watu hao hawakukaa wakilia. Walilima pamba na kufuma kitambaa, wakapika sabuni, wakashona viatu vyao wenyewe. Mwezi Aprili 1888 Henry Morton Stanley aliwasili Ziwa Albert akiongoza msafara uliotangazwa Ulaya kuwa ni wa kumwokoa Emin. Wengi wa wapagazi wake walikuwa watu wa Unguja, wasemaji wa lugha yetu, waliopita msitu wa Ituri kwa njaa na maradhi. Mwokolewaji alitokea amevaa suti nyeupe safi iliyopigwa pasi, na waokoaji walikuwa wamevaa matambara. Emin ndiye aliyewagawia wageni wake vitambaa na viatu. Askari waliobaki nyuma walichukuliwa na Kapteni Lugard mwaka 1891, wakawa shina la jeshi la Uganda, na baadaye la King's African Rifles. Wanubi wa Uganda na Kenya ni uzao wao. Kwa njia ya jeshi hilo Kiswahili kilipata makazi katika West Nile.

Baada ya kuja utawala wa Kiingereza, bidhaa za viwandani ziliingia na takataka zake zikafuata. Hapa mwalimu wa lugha anayo hazina, kwani majina ya vyombo hivyo yamesafiri kama vyombo vyenyewe. Kopo na pipa ni maneno tuliyoachiwa na Wareno. Debe na gunia yametoka Bara Hindi. Debe lilikuwa chombo cha galoni nne, yapata lita 18, kilicholeta mafuta ya taa. Mafuta yakiisha, mwenye duka hakuwa na haja nalo tena, lakini kazi ya debe ndiyo kwanza ilianza. Liliteka maji, likapima mahindi na mtama sokoni, na lilipotoboka likanyooshwa kuwa bati la kuezekea. Kipande kilichobaki kilifanywa koroboi, na kwa mwanga wake watoto wengi walijifunza kusoma. Neno debe likawa kipimo kamili; mkulima akasema ameuza madebe kumi hata kama hakuna debe hata moja mbele yake.

Mambo yalikuwa hivyohivyo kwa chuma. Katika Afrika Mashariki nzima mhunzi aliyekwisha kuacha kuyeyusha mawe ya chuma alipata machimbo mapya katika magari mabovu. Springi ya lori ikitiwa motoni na kupigwa juu ya fuawe huzaa jembe, panga na kisu, na chuma chake ni kigumu kuliko cha majembe mengi ya dukani. Tairi lililokwisha hukatwa kuwa makatambuga. Rimu ya gurudumu hutundikwa mtini shuleni ikawa kengele, na sote tuliofundisha vijijini twaijua sauti yake.

Jerikeni lina historia ya peke yake. Lilibuniwa kwa ajili ya jeshi la Ujerumani katika miaka ya 1930, likichukua lita 20. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliokuwa wakipigana katika jangwa la Afrika Kaskazini waliona kwamba makopo yao yalivuja na ya adui hayakuvuja. Wakayaokota yaliyoachwa, kisha wakayaiga, na jina walilolipa limetokana na lakabu waliyowapa Wajerumani. Hivyo chombo tunachokiona kila siku kichwani mwa msichana akitoka kisimani kilianza safari yake kwa kuokotwa vitani. Leo ni cha plastiki, na mara nyingi kimetupwa baada ya kutoa mafuta ya kupikia, lakini desturi ni ileile.

Sasa tufike katika miaka migumu. Mwezi Agosti 1972 Rais Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni wa Koboko, aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Maduka yao, pamoja na yale ya Arua, yaligawiwa watu wengine. Waliopewa mali hizo waliitwa na wananchi mafutamingi. Kisha sabuni, chumvi na sukari vikaadimika, na biashara ya kificho ikapewa jina la magendo. Yafaa tutambue kwamba maneno yote mawili ni ya Kiswahili, na kwamba yalitumika hata na Waganda ambao hawakukipenda Kiswahili. Lugha huokotwa inapohitajika.

Je, duka la Mwasia lilikuwa limetupwa? Hapana. Mwenyewe alifukuzwa, na kufukuzwa si kutupa. Swali hilohilo liliwarudia watu wa West Nile wenyewe miaka michache baadaye. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, kisha majeshi ya Tanzania na washirika wao yakapita Arua, na mwezi Juni yakafika mpaka wa Sudan. Mwezi Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin waliingia kutoka Sudan na Zaire, wakaishambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la Uganda lilipolipiza kisasi halikutofautisha askari na raia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humohumo walimotafuta usalama. Mamia ya maelfu walivuka mipaka. Nyuma yao nyumba zilichomwa na maduka yakaporwa, mabati yakang'olewa juu ya mapaa, milango na madirisha yakabebwa.

Ndipo tunapoona umuhimu wa kutenganisha maneno. Kutupa ni tendo la hiari. Mwenye kitu amekata shauri kwamba hakitaki. Kuacha kwaweza kuwa kwa lazima. Kupoteza hakumwondolei mwenye mali haki yake. Na kupora ni kuchukua kwa nguvu, au wakati ambapo mwenyewe hana nguvu. Sheria ya Kiislamu, inayofuatwa na Wanubi na na wengi wa wakazi wa Koboko, yamwamuru aliyeokota mali yenye thamani aitangaze kwa mwaka mzima kabla hajaifanya yake. Tukiipima miaka ile kwa kipimo hicho, bati lililong'olewa Koboko mwaka 1980 halikuwa la kuokota, kwani mwenye paa alikuwa hai ng'ambo ya mpaka, akinyeshewa mvua.

Huko ng'ambo wakimbizi walirudia kazi ya watu wa Wadelai. Mkimbizi hana ghala. Ana kile tu ambacho msaada umebakisha baada ya kuliwa. Kopo la mafuta ya msaada likawa kikombe, kibaba cha kupimia unga, na likikatwa na kunyooshwa, mlango wa kibanda. Gunia la nafaka likawa mkeka na pazia. Waliporejea kwao katika miaka ya 1980 walikuta magofu, na kwa ustadi huo wakaanza tena. Mjini Arua vijana waliokosa kazi walisimama kando ya barabara na majerikeni yao wakiuza petroli iliyovushwa mpaka bila ushuru. Waliitwa vijana wa Opec, kwa jina la umoja wa nchi zenye mafuta. Serikali haikuwapenda, ila pale ambapo vituo vya mafuta vilikuwa vichache walizitia gari zake mafuta pia.

Historia haitaki tusifu kupita kiasi. Si kila kilichoachwa ni cha kuokotwa. Vita vya miaka ya 1990 viliacha mabomu ya ardhini na risasi kubwa zisizolipuka katika njia na mashamba ya West Nile. Mtoto atafutaye chuma cha kuuza hawezi kutambua kipi ni mfu na kipi bado kina uhai. Watu walipoteza miguu, mikono na roho. Serikali ya Uganda ilitangaza mwezi Desemba 2012 kwamba nchi imesafishwa mabomu hayo. Hata hivyo onyo kwa watoto lasalia, hasa penye mpaka na nchi zilizoendelea kupigana.

Tumesema kwamba lugha nayo huokotwa. Tumalizie hapo, maana jambo hilo latuhusu sisi walimu. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Kabaka Daudi Chwa na maaskofu walimpinga, na mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha za shule, isipokuwa shule za polisi. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa kutangazwa naye kikazidi kuchukiwa. Baada ya 1979 watu wengi wa kusini walikiona kuwa lugha ya mtutu wa bunduki na ya mwizi wa usiku. Kilitupwa jaani mchana kweupe.

Lakini Arua na Koboko hazikukitupa. Dereva wa lori na mchuuzi aliyekwenda Kongo walikitumia. Polisi mstaafu na mama muuza samaki walikitumia. Walikisema kikiwa kimechanganyika na Kinubi na Kilingala, ngeli zimelegea, lakini kilibeba mzigo. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Waliokitupa wanarudi kukitafuta, nao wanakikuta kwa wale waliokuwa wakidharauliwa kwa kukisema.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu mambo mawili. La kwanza, mwanafunzi atokaye West Nile asichekwe kwa Kiswahili chake. Asahihishwe, naam, kama mhunzi anyooshavyo springi. Lakini mhunzi haichukii springi kwa kuwa imepinda. La pili, watoto watumwe kuuliza nyumbani kila chombo kilitoka wapi, kilikuwa cha nani, na kilifanya kazi gani kabla ya hii kinayofanya sasa. Majibu yao yatakuwa historia ambayo haijaandikwa kitabuni. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na wengi katika Arua na Koboko walinusurika juu ya mkeka wa namna hiyo.