Kanuni ya Ohm: umeme uliotulizwa kwa barafu na maji ya moto

Kila mwanafunzi wa fizikia wa sekondari ameiandika daftarini: volti ni sawa na mkondo mara ukinzani. Ni mstari mmoja tu. Lakini aliyeupata, Georg Simon Ohm, alihangaika kwanza na jambo ambalo leo hatulifikirii: kupata umeme uliotulia kiasi cha kupimika.

Ohm alizaliwa mwaka 1789 mjini Erlangen, Ujerumani. Baba yake, fundi makufuli aliyejisomea hesabu mwenyewe, ndiye aliyewafundisha wanawe nyumbani. Kuanzia 1817 Ohm alikuwa mwalimu wa shule mjini Köln, na akiba ya vifaa vya maabara ya shule hiyo ikamvuta kwenye majaribio ya umeme.

Wakati huo betri ya Alessandro Volta, iliyotangazwa mwaka 1800, ilikuwa imeenea Ulaya. Tatizo lake ni kwamba hufifia inapotumika. Ohm akipima waya wa kwanza, hadi afike wa pili betri si ile tena. Ndiyo maana fomula aliyoichapisha mwaka 1825 haikuwa sahihi.

Mhariri wa jarida la fizikia, Johann Christian Poggendorff, akamshauri aachane na betri, atumie ugunduzi wa Thomas Seebeck wa mwaka 1821: metali mbili tofauti zikiungwa, kiungo kimoja kikapata joto na kingine baridi, umeme hupita. Ohm akaunga bismathi na shaba, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu inayoyeyuka. Kwa kuwa joto la pande zote mbili halibadiliki, na umeme ukatulia.

Mwaka 1826 akaupitisha katika nyaya nane za shaba zenye unene mmoja, mfupi kuliko zote ukiwa na inchi 2 na mrefu kuliko zote inchi 130, akisoma nguvu ya mkondo kwa sindano ya sumaku. Waya ulivyozidi urefu, mkondo ulipungua kwa kanuni ile ile kila mara, mradi ukinzani wa chanzo chenyewe uhesabiwe pia.

Kitabu chake cha mwaka 1827 kuhusu kanuni hiyo kilipokewa kwa ubaridi Ujerumani, naye akaacha kazi Köln. Heshima ilitoka ng'ambo: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimtunuku Medali ya Copley.

Kilichoifanya kanuni yake isikwepeke ni telegrafu. Waya wa telegrafu wa baharini ulipokatika, fundi aliyekuwa pwani alipima ukinzani uliobaki, akagawanya kwa ukinzani wa kila maili, akajua meli ya matengenezo iende wapi. Hesabu hiyo ilihitajika pia kwenye waya uliotoka Aden na kufika Zanzibar mwaka 1879. Miaka miwili baadaye, mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Paris uliidhinisha kipimo cha ukinzani kiitwe ohm.