Mkutano wa Kikuyu wa 1913 na Hoja ya Askofu wa Zanzibar

Mnamo Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali ya Kiprotestanti walikutana Thogoto, Kikuyu, kwenye kituo cha misheni ya Kanisa la Uskoti. Mkutano uliongozwa na J. J. Willis, Askofu wa Anglikana wa Uganda, akiwa pamoja na mwenzake wa Mombasa, William George Peel. Shida iliyowakutanisha ilikuwa ya kila siku. Tangu reli ifike Kisumu mwaka 1901, misheni zilikuwa zimeongezeka na kugawana nchi: Waanglikana wa Church Missionary Society (CMS), Wapresbiteri wa Kanisa la Uskoti, Wamethodisti, Africa Inland Mission na wengine, kila moja na eneo lake. Kijana aliyebatizwa na Wapresbiteri akishuka Mombasa kutafuta kazi alikuta kanisa la Waanglikana, na huko hakuwa na haki ya kukaribia Meza ya Bwana. Alikuwa Mkristo kwao, lakini mgeni kwa jirani.

Wajumbe walipendekeza shirikisho. Kila kanisa lingebaki na uongozi wake, ila wote wangekubali Maandiko Matakatifu, Kanuni ya Imani ya Mitume na ile ya Nikea, ubatizo na Ushirika Mtakatifu. Muumini wa misheni moja angepokelewa mezani kwa nyingine. Mkutano ulipofungwa, Peel aliongoza ibada ya Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Wapresbiteri, akifuata kitabu cha sala cha Kianglikana, na wajumbe wengi ambao hawakuwahi kuwekewa mikono na askofu wakashiriki.

Habari hizo zilimchoma Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu 1908. Weston alikuwa wa Universities' Mission to Central Africa (UMCA), misheni iliyohamia Unguja mwaka 1864 na kushikilia mapokeo ya Kikatoliki ndani ya Anglikana. Kwake askofu hakuwa cheo cha utawala tu. Bila mrithi wa mitume hapakuwa na Kanisa kamili, wala sakramenti ya uhakika. Akamtaka Randall Davidson, Askofu Mkuu wa Canterbury, awashitaki Peel na Willis kwa uzushi.

Lakini kilichomkera Weston hakikuwa Kikuyu peke yake. Tangu karne ya 19 wanateolojia wa Ulaya walikuwa wakiyachunguza Maandiko kama yanavyochunguzwa maandishi mengine ya kale. David Friedrich Strauss alitikisa Ujerumani mwaka 1835 kwa kitabu chake juu ya maisha ya Yesu. Kuanzia 1862 John William Colenso, Askofu wa Natal, alitoa mfululizo wa vitabu vya kuhoji usahihi wa vitabu vya kwanza vya Biblia, baada ya Mzulu aliyemsaidia kutafsiri, William Ngidi, kumuuliza kama kweli gharika ya Nuhu ilitokea. Kisha mwaka 1912 wasomi saba wa Oxford walitoa kitabu kiitwacho Foundations. Mmoja wao, B. H. Streeter, aliandika kwamba wanafunzi walimwona Kristo mfufuka kwa maono yaliyotoka kwa Mungu, bila kushikilia kwamba mwili uliozikwa ndio uliotoka kaburini.

Katika barua ya wazi ya 1913 Weston aliyaunganisha mambo haya. Yeye aliishi kati ya Waislamu, watu wenye kitabu na imani iliyonyooka. Kanisa ambalo viongozi wake hawakubaliani kama Kristo alifufuka litawaambia nini? Hoja hiyo ilikuwa nzito, na walioketi Oxford hawakulazimika kuijibu kila siku kama yeye. Hata hivyo kuwatia Peel na Willis kapu moja na Streeter hakukuwa haki. Wamisionari wa Kikuyu hawakuwa na shaka juu ya ufufuko. Wengi wao walishika Biblia kwa ukali kuliko Waanglikana wa Uingereza.

Davidson alikataa kufungua kesi ya uzushi, akaomba ushauri wa jopo la maaskofu, na jibu lake likatolewa Pasaka ya 1915. Wakristo wa madhehebu mengine wangeweza kupokelewa mezani kwa ruhusa ya askofu, lakini Waanglikana wasishiriki kwa wachungaji wasiowekwa wakfu na askofu, na ibada kama ile ya Kikuyu isirudiwe. Mwaka huohuo Weston alitangaza kuvunja ushirika na Askofu wa Hereford kwa sababu alimpa Streeter nafasi ya kanoni. Suala lilihusu maisha ya Wakristo Waafrika, lakini liliamuliwa na maaskofu Wazungu.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilimbadilisha Weston kwa kiasi. Mwaka 1916 aliongoza wapagazi kutoka Zanzibar katika kampeni ya bara akiwa na cheo cha meja. Mwaka 1918 alikwenda mwenyewe Kikuyu kwenye mkutano wa pili, akapendekeza umoja ambao kila kanisa lingekubali uaskofu. Wenzake hawakuridhia. Badala yake misheni nne, yaani CMS, Kanisa la Uskoti, Africa Inland Mission na Wamethodisti, ziliunda muungano wa kushirikiana katika kazi. Weston alifariki mwaka 1924. Miaka miwili baadaye, palepale Kikuyu, muungano huo ulifungua Alliance High School.