Podikasti iliyopita mikononi mwa wasikilizaji hadi mahakamani

Tangu enzi za redio za mbao na masafa mafupi, kipindi kizuri hakikuishia katika sikio moja. Aliyekisikia jana usiku alimsimulia jirani asubuhi, barazani au kisimani. Hata hivyo alichoweza kumgawia ni masimulizi tu. Sauti yenyewe ilikwisha kupita hewani, na aliyeikosa hakuwa na budi kungoja marudio, ikiwa yalikuwapo.

Hali hiyo ilianza kubadilika mwanzoni mwa karne hii. Mnamo Desemba mwaka 2000, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Dave Winer, aliuwezesha mfumo wa RSS, ambao huwapelekea wasomaji habari mpya kwenye mtandao wa intaneti, kubeba pia mafaili ya sauti. Februari mwaka 2004 mwandishi Ben Hammersley, katika gazeti la The Guardian la Uingereza, alipendekeza majina kadhaa ya utangazaji huu mpya, na moja kati ya hayo ndilo lililozaa neno podikasti. Juni mwaka 2005 kampuni ya Apple iliziingiza podikasti katika programu yake ya iTunes, na katika siku mbili za kwanza watu walijiandikisha kuzipokea zaidi ya mara milioni moja.

Kuanzia hapo, msikilizaji aliweza kumkabidhi mwenzake sauti yenyewe na kumwambia: sikiliza hiki. Kwa Mswahili aliye Muscat au London, ambaye saa zake za kazi hazilingani na saa za matangazo ya nyumbani, hiyo ilikuwa neema kubwa. Lakini sauti inayopita mkono hadi mkono huwa na uzito wake, na mfano mmoja kutoka Marekani watosha kuuonyesha.

Januari mwaka 1999, mwanafunzi wa sekondari aitwaye Hae Min Lee, mwenye umri wa miaka 18, alitoweka karibu na jiji la Baltimore, katika jimbo la Maryland. Mwezi uliofuata mwili wake ulikutwa katika bustani ya Leakin. Aliyekuwa mpenzi wake, Adnan Syed, wakati huo akiwa na miaka 17, alikamatwa. Mwaka 2000 alitiwa hatiani kwa mauaji na kuhukumiwa kifungo cha maisha pamoja na miaka 30. Yeye ameshikilia siku zote kwamba hakuua.

Miaka mingi baadaye, mwanasheria Rabia Chaudry, rafiki wa familia ya Syed, alimwendea mwandishi wa habari Sarah Koenig na kumwomba aichunguze kesi hiyo. Matokeo yake yalikuwa podikasti ya Serial, iliyoanza Oktoba mwaka 2014 na kusimulia kisa hicho kimoja kwa sehemu 12. Waliosikia sehemu ya kwanza waliwahimiza ndugu na wafanyakazi wenzao, na hao nao wakawahimiza wengine. Kufikia Novemba, Serial ilikwisha kupakuliwa na kusikilizwa mara milioni 5 kupitia iTunes, kwa kasi ambayo podikasti nyingine ilikuwa haijaifikia. Mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Peabody.

Msikilizaji aliyefika mwisho wa sehemu ya 12 hakupewa jibu la uhakika. Kesi nayo iliendelea kutembea. Mwaka 2016 jaji aliamuru isikilizwe upya, na mwaka 2019 mahakama ya juu zaidi ya jimbo ikaifuta amri hiyo. Septemba mwaka 2022, kwa ombi la waendesha mashtaka wenyewe, hukumu ilitenguliwa, na Syed akatoka gerezani baada ya miaka 23. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa iliirejesha hatia, ikisema ndugu wa kiume wa marehemu hakupewa muda wa kutosha wa kuhudhuria mwenyewe kikao kile. Agosti mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Maryland ilikubaliana na uamuzi huo. Hatimaye, Machi mwaka 2025, jaji alikipunguza kifungo hadi muda uliokwisha kutumikiwa. Syed alibaki nje ya gereza chini ya uangalizi wa miaka 5, na hatia ikabaki pale pale.

Ndugu huyo wa marehemu aliiambia mahakama mwaka 2022 kwamba kwake yeye jambo hili si podikasti, bali ni maisha halisi. Maneno hayo yanamhusu kila mtu aliyepata kumwambia mwenzake asikilize. Kile ambacho wengine walikipokeza kama kisa cha kusisimua, kwa familia moja kilikuwa msiba uliokuwa ukifunguliwa upya kila mara. Na pengine bila wasikilizaji wale wale, mfungwa yule asingepata watu wa kuifuatilia kesi yake.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya redio ya zamani na podikasti. Masimulizi ya jirani yalikuwa yakibadilika kadiri habari mpya zilivyofika. Sauti iliyorekodiwa mwaka 2014 inasema leo maneno yale yale, wala haijui yaliyotokea baadaye. Anayeyajua ni yule anayeipokeza.

Kwa hiyo, msikilizaji, mwenzako akikuuliza asikilize nini, Serial yastahili kutajwa, kwani masimulizi yake yana ustadi mkubwa. Mpe sehemu 12 za mwanzo, kisha umpe na ile ya Septemba mwaka 2022 iliyosimulia kuachiliwa kwa Syed. Umwambie pia yaliyoamuliwa hadi mwaka 2025, na umkumbushe kwamba kisa chote kinaanza na msichana aliyeuawa. Wahenga walisema mjumbe hauawi; basi naye mjumbe aufikishe ujumbe wote.