Tiba Isiyomgusa Mgonjwa

Mwaka 1980, kwenye chemchemi za maji moto za Harbin, kaskazini mwa California, mshairi Harold Dull alianza kuwakanda watu ndani ya maji. Ukandaji wa shiatsu alikuwa amejifunza Japani. Sasa akawa anamlaza mtu mikononi mwake, katika maji yanayokaribia joto la mwili, huku akimyumbisha na kumnyoosha taratibu. Akaiita tiba hiyo Watsu.

Ilipofika Japani ikagongana na adabu za wenyeji. Wengi waliona haya kukumbatiwa na mtu baki, tena wamevaa nguo za kuogelea. Jun Konno, kocha wa kuogelea, akayaona hayo kwa wateja wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akatunga mazoezi ya kufanya mwenyewe, umesimama, ili mwili uzoee maji na kulegea kabla ya kushikwa. Ndiyo Ai Chi. Yalikuwa matayarisho tu, lakini yakaja kuwa tiba inayojitegemea. Mmarekani Ruth Sova aliyapeleka kwao, na mwaka 1999 yeye na Konno wakayatolea kitabu.

Mimi naishi na fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya kudumu mwili mzima. Wajapani wale walikwepa kushikwa kwa haya; mimi nakwepa kwa maumivu. Kuna siku hata shuka likinigusa begani nasikia uchungu.

Zoezi la kwanza la Ai Chi ndilo nilipendalo kuliko yote. Unasimama miguu imeachana, unakunja magoti mpaka maji yafike mabegani, mikono ikielea mbele. Ukivuta pumzi kwa pua, viganja vinatazama juu; ukiitoa kwa mdomo, vinageuka chini. Basi, unarudia hivyo hivyo bila haraka. Maji yanakibana kifua, kwa hiyo kuvuta pumzi kunadai nguvu kidogo, na kuitoa maji yenyewe yanakusaidia. Uzito mwingi wa mwili nao umebebwa. Misuli ya shingo, ambayo kutwa nzima imekaza, inaachia, wala hakuna aliyeigusa.

Kwa ugonjwa huu jambo hilo ni kubwa. Mwaka 1904 daktari William Gowers wa London aliuhesabu kuwa uvimbe wa tishu za nyuzi ndani ya misuli. Uvimbe ukatafutwa usionekane, na kuanzia miaka ya 1970 jina la fibromialjia likashika nafasi. Mwaka 1990 madaktari wa baridi yabisi wa Marekani wakaweka kipimo: mgonjwa mwenye maumivu yaliyoenea mwilini abinywe sehemu 18, na 11 au zaidi zikiuma, basi anao. Kwa miaka 20 tulipimwa kwa kuumizwa. Vigezo vya 2010 viliondoa sharti hilo.

Je, maji yanasaidia? Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2014 yalikusanya tafiti 16 zenye washiriki 881, karibu wote wanawake, kuhusu mazoezi ya majini kwa ujumla. Maumivu na kukakamaa kwa mwili vilipungua kiasi, ingawa ushahidi wenyewe haukuwa na nguvu sana. Ugonjwa hauondoki. Kwangu mimi, hicho kiasi kinatosha kunifanya nirudi majini.

Nanyi watabibu wa viungo, nawaomba: akija mgonjwa wa aina yangu, msianze na mikono yenu. Muulizeni kwanza kama anataka kushikwa. Akikataa, mtafutieni maji ya vuguvugu yanayomfika mabegani, mumwache apumue.