Kuhesabu Rika za Chewa: Karne na Nusu ya Utafiti katika Atlantiki ya Kaskazini

Samaki ambaye wanasayansi humwita Gadus morhua, na ambaye baadhi ya kamusi za Kiswahili humpa jina la chewa ingawa chewa wa miambani anayejulikana na wavuvi wa Pemba na Lamu ni wa ukoo mwingine kabisa, huishi katika maji baridi ya Atlantiki ya Kaskazini, kuanzia pwani ya Kanada hadi Bahari ya Barents. Nyama yake ina mafuta machache na hukauka bila kuharibika, hivyo kwa karne nyingi ilisafirishwa hadi Ulaya ya kusini na visiwa vya Karibi. Na wapo watu wengi wa Afrika Mashariki waliomwonja utotoni pasipo kumjua, katika kijiko cha mafuta ya ini lake. Kwa kukosa jina jingine lililozoeleka, makala haya yatafuata kamusi.

Utafiti wa samaki huyu ulitokana na wasiwasi wa mapato. Kila mwishoni mwa majira ya baridi chewa wa Bahari ya Barents husafiri hadi visiwa vya Lofoten, kaskazini mwa Norwei, ili kutaga mayai, lakini wingi wao hubadilika sana baina ya mwaka na mwaka, na mwaka mbaya ulimaanisha dhiki kwa pwani nzima. Mwaka 1864 serikali ya Norwei ilimtuma mwanazuolojia Georg Ossian Sars kuchunguza jambo hilo, naye akakuta kwamba mayai ya chewa huelea karibu na uso wa maji, kinyume na dhana iliyokuwapo kwamba samaki wa baharini hutaga sakafuni. Kwa kuwa jike mmoja mkubwa huweza kutaga mayai kwa mamilioni, ugunduzi huo uliwatia watu matumaini makubwa kupita kiasi. Katika maonyesho ya uvuvi ya London ya mwaka 1883, Mwingereza Thomas Henry Huxley alitamka kwamba uvuvi mkubwa wa baharini, ukiwemo wa chewa, pengine hauwezi kumalizika. Inafaa kumtendea haki: alifunga kauli yake kwa sharti la mbinu za uvuvi za wakati wake, sharti ambalo wengi wanaomlaumu husahau kulitaja.

Wengine waliamini kwamba bahari ingeweza hata kuongezewa samaki. Huko Flødevigen, kusini mwa Norwei, Gunder Mathiesen Dannevig alianzisha mwaka 1882 kituo cha kuangulia mayai ya chewa, na vifaranga wasiohesabika wakamwagwa baharini kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 1971, bila uthibitisho wa kuridhisha kwamba waliongeza samaki wanaovuliwa. Faida ya kudumu ya kituo hicho ilitoka mahali pengine. Tangu mwaka 1919 watafiti wake wamekuwa wakivuta juya katika ghuba zilezile za pwani kila majira ya vuli na kuhesabu chewa wachanga waliomo, na mfululizo huo wa takwimu ni miongoni mwa mirefu zaidi duniani katika elimu ya samaki.

Aliyebadilisha namna ya kufikiri ni Johan Hjort, Mnorwei aliyeshiriki pia katika kuanzishwa kwa Baraza la Kimataifa la Uchunguzi wa Bahari mwaka 1902. Hjort na wenzake walitambua umri wa samaki kwa kusoma miviringo ya magamba, kama ambavyo baadaye ilisomwa miviringo ya vijiwe vya masikioni, ambavyo hukua kwa tabaka mfano wa shina la mti. Katika kitabu chake cha mwaka 1914 alionyesha kwamba samaki wa bahari hizo huenda kwa rika: wanaozaliwa mwaka mmoja huweza kuwa wengi kiasi cha kulisha uvuvi kwa miaka mingi, na wa mwaka unaofuata wakawa haba mno. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa neno rika. Hjort alidhani kwamba hatima ya rika huamuliwa mapema sana, pale kifaranga anapomaliza kiini cha yai na kulazimika kujitafutia chakula.

Maarifa haya yote yalikuwapo wakati meli kubwa zenye viwanda ndani yake zilipoanza kukokota nyavu nje ya Newfoundland katika miaka ya 1950. Mwaka 1968 tani zipatazo 800,000 za chewa wa huko, waitwao chewa wa kaskazini, zilivuliwa, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa tena. Kanada ilipojitwalia eneo la maili 200 mwaka 1977 na kuziondoa meli nyingi za kigeni, wataalamu wake walitabiri ongezeko. Kosa lilikuwa katika kipimo. Mbali na safari zao za utafiti, walitegemea kiasi ambacho meli za kukokota zilipata kwa kila saa ya kazi, ilhali meli hizo zilizidi kuwa na vifaa bora vya kuwasaka samaki, na samaki waliosalia walikusanyika katika makundi mazito. Neema ya meli iliendelea hata bahari ilipokuwa ikipungukiwa. Wavuvi wadogo wa pwani, ambao mitego yao hukaa mahali pamoja ikimsubiri samaki, walilalamika katika miaka ya 1980 kwamba chewa hawaji tena, na mwaka 1986 chama chao kiliwapa wanabiolojia wa nje ya serikali kazi ya kupitia hesabu rasmi. Mtego usiohama ulikuwa kipimo cha haki kuliko meli inayofuata kundi, lakini ulisikilizwa kwa kuchelewa.

Tarehe 2 Julai 1992 waziri John Crosbie alitangaza kusimamishwa kwa uvuvi huo, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Kukazuka ubishi kama chanzo kilikuwa maji yaliyopoa isivyo kawaida au nyavu. Jeffrey Hutchings na Ransom Myers walitetea mwaka 1994 kwamba ni nyavu, ingawa mchango wa baridi na wa upungufu wa samaki mdogo aitwaye kapelini, chakula kikuu cha chewa, ungali ukijadiliwa. Miaka kumi baadaye, uchambuzi mwingine ulionyesha kwamba kabla ya anguko chewa hao walikuwa wameanza kupevuka mapema na wakiwa wadogo zaidi, dalili kwamba uvuvi ulikuwa ukiwachagua wanaozaa haraka.

Katika Bahari ya Barents, inayosimamiwa kwa pamoja na Norwei na Urusi, mambo yalikwenda vingine: kiwango kilichoruhusiwa kilifika tani milioni 1 mwaka 2013, kisha rika dhaifu zikakishusha hadi tani 340,000 mwaka 2025. Kanada nayo ilirefusha hesabu zake mwaka 2023 kurudi nyuma hadi 1954, na kwa kufanya hivyo mstari wa hatari, yaani kiwango ambacho chini yake samaki huhesabiwa kuwa hatarini, ukateremka, chewa wa kaskazini wakajikuta juu yake bila wao kuongezeka. Mwaka uliofuata uvuvi wa biashara ulifunguliwa tena, kwa tani 18,000.