Mizani ya Pamba

Babu yangu alilima pamba Usukumani, na alichokiogopa kuliko ukame ni mizani. Alisema karani wa mnunuzi husoma peke yake, wewe unatajiwa tu uzito na kupewa hela. Ukibisha, rudi na mzigo wako nyumbani.

Nilidhani ni stori za wazee. Kumbe ndiyo historia yenyewe ya ushirika Kanda ya Ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima waliochoka kupunjwa na wanunuzi binafsi waliajiri wapimaji wao, wakasimama vituoni kuhakiki uzito. Paul Bomani wa Mwanza alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Vyama vya msingi vikaungana, na mwaka 1955 ikazaliwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Miaka michache baadaye pamba ya kanda hiyo ilipita mikononi mwa wakulima wenyewe.

Lakini mizani nayo ina majaribu yake, haijali nani kaishika. Ushirika ulipokua, malalamiko ya wizi na upendeleo yakaufuata, hadi Serikali ikaunda tume ya uchunguzi mwaka 1966. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, mamlaka ya zao ikachukua nafasi yao, na wakulima wakazoea kusubiri malipo. Vyama vilikuja kurudishwa, ila imani haikurudi navyo.

Miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walirudi wakigombea pamba yoyote, safi na chafu kwa bei ileile. Hapo sasa! Aliyechambua vizuri alipata sawa na aliyechanganya mchanga. Jina zuri la pamba ya Tanzania katika soko la dunia likaporomoka.

Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa mtoto, mjomba akanituma ndoo ya maji, tukainyunyizia pamba usiku ili asubuhi iwe nzito. Nikamuuliza kama si wizi. Akanijibu, "Wao wana mizani, sisi tuna maji."

Jibu lile lilinifurahisha wakati ule. Leo naona lilikuwa na hasara kwa wote: mnunuzi alishusha bei akijua kuna maji, nasi tukaongeza maji tukijua bei imeshushwa. Babu, aliyeibiwa maisha yake yote, alikataa katakata gunia lake liguswe. Alipunjwa mpaka mwisho, ni kweli. Lakini kama kuna mtu katika ukoo wetu aliyekuwa na haki ya kudai mizani ya kweli, ni yeye.