Kutoka Gatini hadi Stendi: Msafiri wa Bukoba na Muleba na Njia za Kuingia Mwanza, 1928–2025

1.0 Utangulizi

Maandishi mengi kuhusu usafiri wa Ziwa Victoria huieleza meli kwa tani zake, reli kwa urefu wake na barabara kwa lami yake. Abiria hutajwa kama idadi tu. Makala haya yanaanza na abiria mwenyewe. Yanamfuata msafiri wa Bukoba na Muleba hadi anapokanyaga ardhi ya Mwanza, na kuuliza maswali matatu: alikuwa na njia zipi za kufika huko, njia hizo zilimshusha wapi, na alibeba mzigo gani wa gharama na hatari ambao haukuandikwa katika tiketi yake. Hoja ya msingi ni kwamba wingi wa vyombo vya usafiri haukuwa sawa na uhuru wa kuchagua. Kwa sehemu kubwa ya kipindi kinachojadiliwa, abiria wa kipato cha chini alikuwa na njia moja tu aliyoimudu, na ubovu wa njia nyingine ndio uliomsukuma kuitumia. Ajali ya MV Bukoba ya mwaka 1996 haiwezi kueleweka kikamilifu nje ya ukweli huo.

2.0 Mwanza inavyogeuka kuwa lango

Bukoba, iliyoanzishwa kama kituo cha Wajerumani na Emin Pasha mwaka 1890, haikuitazama Mwanza kama njia yake ya kwenda pwani tangu mwanzo. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani ziliiunganisha Bukoba na Kisumu, na kutoka hapo Mombasa. Kahawa ya Wahaya ilipita huko, na wasafiri nao walipita huko. Kwa upande wa kaskazini, Kampala ilifikika kwa nchi kavu kupitia Masaka, au kwa maji kupitia Port Bell. Hivyo, kwa watu wa Bukoba miji mikubwa ya mwanzo ilikuwa ng'ambo ya mpaka, chini ya utawala mwingine wa kikoloni.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1928, tawi la reli kutoka Tabora lilipofika Mwanza. Kuanzia hapo msafiri aliweza kushuka melini, akatembea hadi kituo cha treni, kisha akaendelea hadi Tabora na Dar es Salaam bila kutoka Tanganyika. Jambo la kuzingatia hapa ni ukaribu wa gati na kituo cha reli. Gati ya abiria ya Mwanza Kaskazini ipo pembezoni mwa katikati ya mji. Aliyeshuka hapo alikuwa amekwisha kufika: maduka, soko kuu, ofisi za serikali na treni vilikuwa ndani ya umbali wa kutembea kwa miguu. Mpangilio huo wa mji uliotengenezwa na meli na reli ulimfaa zaidi mtu asiye na fedha ya kulipia chombo cha pili.

3.0 Meli ya usiku na daraja la tatu

Meli ya Victoria ilianza kazi mwaka 1961 ikizunguka bandari za nchi tatu za Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, mzunguko huo ulikatika, na Shirika la Reli Tanzania likabaki na meli zilizoangukia upande wa Tanzania. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la Kagera, na njia ya kaskazini kupitia Mutukula ikawa uwanja wa vita. Katika muda wa miaka miwili, mkoa uliokuwa na milango kadhaa ulibaki na mlango mmoja mkubwa, yaani Mwanza. MV Bukoba, iliyoundwa mwaka 1979, iliingia katika huduma wakati mlango huo ulikuwa umebanwa hivyo.

Safari ilikuwa ya usiku. Meli iliondoka Bukoba jioni, ikapita bandari ya Kemondo, na kufika Mwanza asubuhi. Kemondo ndiyo iliyokuwa bandari ya karibu kwa wengi waliotoka Muleba na vijiji vya uwanda wa Kamachumu. Faida za ratiba hiyo zilikuwa wazi. Usiku mmoja ulimwondolea abiria gharama ya kulala nyumba ya wageni. Mfanyabiashara wa ndizi aliifikisha mikungu yake sokoni ingali mibichi. Mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, na mwanafunzi aliyekuwa akiwahi treni ya bara, wote walikuwa na mchana mzima mbele yao.

Ndani ya meli, hata hivyo, abiria hawakuwa sawa. Wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na vitanda na majina yao yaliandikwa. Wa daraja la tatu walikaa walipopata nafasi, pamoja na mizigo yao. Ubora wa malazi ulikuwa sehemu moja tu ya tofauti hiyo. Nyingine, nzito zaidi, ilikuwa kuhesabiwa au kutohesabiwa.

4.0 Tarehe 21 Mei 1996

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka na kuzama karibu na Mwanza, eneo la Bwiru. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliofariki wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Wengi wao walizikwa Igoma, na Jaji Robert Kisanga aliongoza tume ya uchunguzi. Ukubwa wa msiba haukuweza kupimwa kwa uhakika kwa sababu orodha ya abiria haikuwahusu wa daraja la tatu. Familia nyingi za Bukoba na Muleba zililazimika kuthibitisha kwamba ndugu yao alikuwa melini, kwa kuwa hapakuwa na karatasi iliyosema hivyo.

Ni rahisi kuieleza ajali hiyo kwa kosa la kuzidisha abiria. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi, kwa sababu yanaacha swali la kwa nini watu walikubali kupanda meli iliyokuwa imejaa. Jibu lipo nchi kavu. Barabara ya kusini kupitia Muleba na Biharamulo haikuwa na lami kwa sehemu kubwa. Baada ya wimbi la wakimbizi kutoka Rwanda mwaka 1994, ujambazi ulitia hofu katika misitu ya Biharamulo, na kwa miaka kadhaa mabasi yalisindikizwa na askari wenye silaha. Baadhi ya wasafiri wa Dar es Salaam walizunguka kwa basi kupitia Kampala na Nairobi, wakivuka nchi mbili za kigeni ili kufika katika jiji la nchi yao. Njia hiyo ilihitaji hati za kusafiria na nauli kubwa. Kwa mama mwenye mikungu ya ndizi aliyesimama gatini Kemondo, kukataa kupanda kulimaanisha kutosafiri na kuacha mali ioze.

5.0 Barabara, kivuko na daraja

Baada ya ajali, MV Victoria iliendelea kuhudumu hadi mwaka 2014 iliposimama kwa ubovu. Wakati huohuo barabara ilikuwa ikiimarika. Lami iliyotandazwa kwa awamu kati ya Bukoba, Muleba, Biharamulo na Geita ililifanya basi kuwa njia ya kawaida. Kikwazo kilichobaki kilikuwa Ghuba ya Mwanza. Basi lilisubiri foleni ya kivuko Busisi, likavushwa hadi Kigongo, ndipo likaendelea kupitia Usagara. Waliopitia kivuko cha Kamanga walishushwa katikati ya jiji, kama ilivyokuwa zamani kwa meli. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, liliondoa foleni hiyo.

Hata hivyo, daraja halikumfikisha abiria mahali pale pale palipomfikisha gati. Mabasi ya magharibi huishia stendi ya Nyegezi, kusini mwa jiji. Kutoka hapo msafiri huhitaji daladala, bajaji, bodaboda au teksi, na basi likifika usiku daladala huwa zimepungua na bei za vyombo vingine hutegemea maelewano. Mwenye mizigo hulipa zaidi, na mgeni asiyeijua bei hulipa zaidi kuliko wote. Abiria wa ndege naye hushuka kaskazini mwa jiji, lakini nauli yake yenyewe inaonyesha kwamba teksi haimtishi. Kwa hiyo muda uliookolewa njiani hugeuka kuwa gharama mlangoni, na gharama hiyo humwangukia zaidi yule yule aliyekuwa daraja la tatu.

MV Victoria ilirejea majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, na meli mpya ya MV Mwanza, yenye uwezo wa abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilishushwa ziwani Februari 2023. Katika mtazamo wa makala haya, thamani ya meli hizo inazidi idadi ya abiria watakaozipanda. Kuwepo kwake pamoja na barabara nzuri kunampa abiria uwezo wa kukataa chombo kimoja bila kuikosa safari.

6.0 Hitimisho

Historia ya msafiri wa Bukoba na Muleba inaonyesha kwamba usalama wa njia moja hutegemea uzima wa njia nyingine. Mwaka 1928 reli ilimfungulia msafiri mlango, matukio ya 1977 hadi 1979 yakamfungia mingine, na mwaka 1996 alilipa bei ya kuwa na mlango mmoja. Utafiti wa usafiri wa ziwani unapaswa kuanza na abiria asiye na jina kwenye orodha, na kuishia pale anapofika kweli: sokoni, hospitalini au nyumbani kwa mwenyeji wake, hatua kadhaa baada ya gati au stendi. Pale Igoma, makaburi ya wasiotambuliwa ni ushahidi kwamba kuhesabiwa kwa msafiri si jambo la karani peke yake. Ni sehemu ya haki yake ya kufika.